Historia ya draya: joto lilikuwa rahisi, hewa ndiyo iliyosumbua

Draya yako ikianza kuchukua saa mbili kukausha nguo ambazo zamani ilizimaliza kwa saa moja, mtu wa kwanza utakayemuuliza huenda akakujibu, "Hita imekufa hiyo." Jibu linaeleweka. Kukausha tunakuhusisha na moto, basi kama mashine haikaushi, moto umepungua. Shida ni kwamba historia yote ya mashine hii inaelekeza kwingine. Moto watu waliupata tangu siku ya kwanza. Kilichowahangaisha kwa zaidi ya miaka 200 ni hewa: namna ya kuiingiza, kuipitisha katikati ya nguo, na kuitoa pamoja na uchafu inaoubeba. Na waliposhindwa, hasara haikuwa nguo mbichi tu. Nyumba ziliungua.

Najua wengi mnaosoma hapa mnaanika kwenye kamba, na jua la kwetu halitumi bili mwisho wa mwezi. Lakini draya zipo: kwa madobi wa mjini, kwenye fleti zisizo na uwanja, kwa ndugu walioko Muscat, Leicester na Minneapolis, na kwenye maduka ya vifaa vya mtumba kutoka Ulaya. Haya maduka ya mtumba nitayarudia baadaye, maana yana jambo lake.

Tuanze na hesabu kidogo. Nguo za familia zikitoka kwenye mashine ya kufulia, hata baada ya kukamuliwa kwa kasi, zinaweza kuwa bado zimebeba lita tatu za maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke katika joto la kawaida kunahitaji takriban megajuli 2.4. Kwa lita tatu ni megajuli 7.2, na kwa kuwa yuniti moja ya umeme ni megajuli 3.6, umeshakula yuniti mbili za LUKU kabla hujahesabu joto linalopotea na umeme wa mota. Ndiyo maana kukamua vizuri kwenye mashine ya kufulia ni akiba kubwa kuliko ujanja wowote utakaoufanya kwenye draya: kuyasukuma maji nje kwa nguvu ya mzunguko ni rahisi mno ukilinganisha na kuyachemsha.

Lakini kuyafanya maji yawe mvuke ni nusu tu ya kazi. Mvuke usipoondoka, hewa inayozunguka nguo inashiba, na hewa iliyoshiba haipokei zaidi. Umeliona hili mwenyewe. Wakati wa masika Dar es Salaam joto lipo, jasho linakutiririka, lakini fulana inakaa kambani siku mbili mpaka inaanza kunuka uvundo. Nenda Makambako siku ya upepo mkavu, umevaa sweta, na shuka zinakauka huku unaziangalia.

Sasa turudi nyuma. Kifaa cha kwanza cha aina hii kinachotajwa sana katika historia ni cha Mfaransa aliyeitwa Pochon, karibu na mwaka 1800. Kilikuwa pipa la chuma lenye matundu, unaweka nguo ndani, unalizungusha kwa mkono juu ya moto. Kiliitwa ventilatori, yaani kipitisha hewa, na mimi napenda sana jina hilo kwa sababu linaonyesha kwamba hata wakati ule ilijulikana kazi hasa ni ipi. Ila hewa iliyopita kwenye matundu ilikuwa ndiyo hiyohiyo iliyotoka motoni, imebeba moshi na masizi. Nguo zilitoka zimekauka na zinanuka kama za mtu aliyekesha jikoni kwenye shughuli. Nyingine ziliungua.

Baadaye anakuja George T. Sampson, Mmarekani Mweusi wa Dayton, Ohio. Tarehe 7 Juni 1892 alipewa hataza namba 476,416 ya kifaa cha kukaushia nguo. Mtandaoni utakuta watu wanamwita mvumbuzi wa draya ya kisasa, na hapo wanamvika kofia isiyo yake. Kifaa chake hakikuwa na pipa wala mota. Kilikuwa fremu ya kuning'inizia nguo karibu na jiko la nyumbani, tena fremu inayotoka kirahisi ukimaliza. Ubora wake uko mahali pengine: nguo ziliondolewa juu ya moto wa wazi, zikawekwa kando ya chuma cha jiko lililokuwa linawaka hata hivyo kwa ajili ya chakula. Joto la bure, moshi unakwenda njia yake kwenye bomba. Kwa nyumba ya mwaka 1892 isiyo na umeme, sioni ungefanya nini cha maana zaidi.

Hatua iliyobadilisha mambo ilitoka North Dakota, kaskazini mwa Marekani, ambako wakati wa baridi nguo ukizianika nje zinaganda mpaka suruali inasimama yenyewe. Huko J. Ross Moore alichoka kuiona kazi hiyo ikifanyika nyumbani kwao. Alijenga kibanda, akaweka jiko ndani, nguo zikawa zinaanikwa humo. Kisha akatumia miaka mingi kuhangaika na pipa linalozunguka lenyewe huku likipuliziwa hewa ya moto. Mwishowe kampuni ya Hamilton ya mji wa Two Rivers, Wisconsin, ilikubali kuitengeneza. Hamilton ilijulikana zaidi kwa herufi za mbao za kupigia chapa, na sasa ikajikuta inauza mashine za nguo. Mwaka 1938 draya hiyo iliingia sokoni kwa jina la June Day, "siku ya Juni". Kwetu Juni ni kipupwe, lakini kwao ndiyo kiangazi kinaanza, kwa hiyo mteja alikuwa anauziwa jua.

Kuna kisa kimoja kuhusu muundo wake. Mbunifu Brooks Stevens alipoletewa mashine hiyo aliona sanduku la bati lisiloeleza chochote. Ushauri wake ulikuwa wekeni dirisha la kioo mlangoni, kisha dukani jazeni bukta za rangi kali zizunguke watu waone. Kile kioo unachokiona mpaka leo kwenye draya nyingi kilianza kama tangazo la biashara. Hakina faida yoyote katika kukausha.

Ndani ya sanduku lile, mpangilio ambao Moore na waliomfuata waliufikia ni uleule ulio kwenye draya yako. Feni inavuta hewa ya chumbani, hewa inapita kwenye koili ya moto, inaingia kwenye pipa, inapenya katikati ya nguo zinazoanguka na kupanda, kisha inatoka imebeba mvuke. Mota moja aghalabu inazungusha vyote viwili, pipa kwa mkanda mrefu na feni moja kwa moja. Ukisikia mota inanguruma lakini pipa limesimama, na ukilisukuma kwa mkono linazunguka kirahisi kupita kiasi, mkanda umekatika. Hilo ni tatizo la shilingi chache na halina siri yoyote.

Siri iko kwenye kitu ambacho ile hewa inakibeba pamoja na mvuke. Nguo zinaposuguana kwenye pipa zinaachia nyuzi laini sana. Unazijua, ni ile pamba ya kijivu unayoibandua kwenye chujio. Sasa fikiria pamba hiyo ni nini hasa: nyuzi kavu kabisa, nyepesi, zenye nafasi kubwa ya hewa katikati. Ungetaka kutengeneza kitu cha kuwashia jiko la mkaa usingepata bora zaidi. Na mashine imeiweka pamba hiyo kwenye mkondo mmoja na koili iliyoiva.

Hapo ndipo walipohitaji mlinzi. Kipande kidogo cha duara kilichofungwa karibu na koili, themostati, kina ukoo mrefu unaoanzia baharini. John Harrison, fundi seremala wa Kiingereza aliyejifunza mwenyewe kutengeneza saa, alihangaika na saa yake ya tatu ya melini kati ya 1740 na 1759. Joto na baridi vilikuwa vinaiharibia mwendo. Akaunganisha vipande viwili vya metali tofauti kuwa utepe mmoja. Metali moja hutanuka zaidi ya nyingine, kwa hiyo utepe ukipata joto unapinda, na kupinda huko kulirekebisha saa yenyewe. Mwaka 1830 mkemia wa Uskoti, Andrew Ure, alichukua hataza ya kifaa cha kudhibiti joto kwa utepe kama huo, na jina la themostati likatokana naye. Kwenye draya utepe ukipinda unakata umeme wa hita. Ukipoa unarudi, umeme unarudi.

Nyuma ya themostati kuna mlinzi wa pili, fyuzi ya joto. Hii hairudi. Joto likizidi kiwango inakata mara moja na ndiyo mwisho wake, mpaka ibadilishwe. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wengi wa mtaani wanapokosea na ndipo maarifa ya historia yanapookoa nyumba. Fundi anachomoa plagi, anapima fyuzi ya joto kwa mita, anakuta imekata. Ana mambo mawili ya kufanya. Anaweza kuunganisha waya juu kwa juu, mashine ikawaka, akalipwa, akaondoka. Au anaweza kujiuliza: kwa nini ilikata? Fyuzi ya aina hii mara nyingi haifi kwa uzee. Imekata kwa sababu koili ilikosa hewa ya kuipooza, na hewa ilikosekana kwa sababu njia imeziba: chujio limejaa, bomba la nyuma limekunjwa ukutani, au kile kifuniko cha nje kimegandamana na nyuzi. Ukiirukisha fyuzi, umemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

Marekani, ambako draya zilienea kuliko kwingine baada ya Vita Kuu ya Pili (kuna vitongoji vyenye kanuni za kukataza kuanika nguo nje, eti zinaharibu mandhari), takwimu zao zinasema waziwazi. Mamlaka ya zimamoto ya serikali kuu ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 kulikuwa na moto wa majumbani unaotokana na draya takriban 2,900 kila mwaka, pamoja na vifo 5, majeruhi 100 na hasara ya dola milioni 35. Chanzo kilichoongoza, asilimia 34, kilikuwa kutosafisha. Wala si hita mbovu.

Uingereza walipita njia nyingine kidogo, na njia hiyo inatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1947 walitoa kiwango cha plagi yao ya pini tatu za mstatili, BS 1363, yenye fyuzi ndani yake isiyozidi ampea 13. Ndiyo plagi uliyonayo Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Muscat. Draya ya Marekani hupewa laini yake peke yake na inaweza kuwa na hita ya kilowati 5. Ya Uingereza inachomekwa kwenye soketi ileile ya birika, kwa hiyo hita yake ni kama kilowati 2 hadi 2.5. Piga hesabu: wati 2,500 kwa volti 240 ni ampea 10.4, tena kwa saa nzima mfululizo. Birika linavuta kiasi kama hicho kwa dakika tatu tu. Ekstensheni ya bei poa inayovumilia birika itayeyuka kwa draya. Ukiona plagi imegeuka rangi ya kahawia au soketi ina moto ukiigusa, hilo ndilo tatizo lako la kwanza, hata kama nguo zinakauka vizuri. Na fyuzi ya plagi ikikata, weka fyuzi, usiweke msumari.

Waingereza pia wanaishi sana kwenye fleti zisizo na ukuta wa kutobolea bomba. Kwa ajili hiyo zikaenea draya za kondensa, ambazo hazitoi hewa nje. Zinaipooza hewa ya mvuke ndani kwa ndani mpaka maji yanadondoka kwenye tangi unalomwaga mwenyewe. Hapa hewa inapita kwenye vijinjia vyembamba vya kondensa, na nyuzi zilizoponyoka kwenye chujio zinaishia humo. Watu wengi wana draya ya kondensa miaka mitano na hawajawahi kuichomoa kondensa yenyewe. Kwenye aina nyingi inatoka kwa kufungua kijimlango cha chini na kugeuza klipu mbili. Peleka bombani, pitisha maji mpaka yatoke safi, iache ichuruzike. Baada ya hapo mashine iliyokuwa "imekufa hita" inakausha kwa saa moja kama zamani.

Zile mpya zaidi zina pampu ya joto, mfumo kama wa friji: zinalichukua joto la mvuke unaopoa na kulirudisha kwenye hewa inayoingia. Aina hiyo ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 1997, na hutumia takriban nusu ya umeme. Ile hesabu yangu ya yuniti mbili inavunjwa hapa tu, maana joto moja linatumika mara nyingi. Kwenye hizi safisha machujio, basi. Usifungue mfumo wa gesi. Nyingi zina gesi ya propani, ambayo inawaka.

Sasa, yale maduka ya mtumba. Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool, iliyokuwa imeinunua Indesit mwaka mmoja kabla, ilitangaza kwamba draya zilizouzwa Uingereza kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015 kwa majina kama Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline zilikuwa na kasoro. Zilikuwa zaidi ya milioni 5. Kasoro yenyewe unaweza kuibashiri kama umesoma mpaka hapa: nyuzi zilizopita pembeni ya pipa ziliweza kugusa koili ya moto. Wateja waliambiwa wasubiri fundi aje kuzirekebisha, na wakati wa kusubiri waendelee kuzitumia ilimradi wasiziache peke yake.

Tarehe 19 Agosti 2016 familia moja iliyokuwa ikiishi Shepherd's Court, jengo la ghorofa 18 magharibi mwa London, iliwasha draya yao. Ilikuwa moja kati ya hizo. Walikuwepo nyumbani, waliona moshi, wakachomoa plagi, wakatoka, yaani walifanya kila kitu walichoambiwa. Moto ulipanda ukutani ghorofa kadhaa, wakaitwa wazimamoto 120. Hakuna aliyekufa. Lakini ushauri wa "tumia huku unaangalia" ulikuwa umejaribiwa na kushindwa, maana ukishauona moshi pamba imeshashika. Februari 2017 ushauri ukabadilishwa: chomoa, usitumie kabisa. Mwaka 2019, serikali ilipoingilia kati, ilikadiriwa bado kulikuwa na draya kama 500,000 majumbani ambazo hazijaguswa, na Julai mwaka huo kampuni ikaanza kuzirudisha rasmi.

Mpango wa kurudisha bidhaa unafanya kazi kwa barua, simu na orodha ya wanunuzi. Draya iliyouzwa kwa jirani, kisha kwa mkusanyaji, kisha ikapanda kontena, haimo tena kwenye orodha ya mtu. Plagi yake inaingia kwenye soketi yetu bila adapta, volti ni zilezile, na muuzaji anaijaribu mbele yako: inazunguka, inatoa joto. Hilo jaribio halikuambii chochote kuhusu kasoro tunayoizungumzia, kwa sababu mashine yenye kasoro hiyo huzunguka na kutoa joto vizuri tu.

Kwa hiyo ukiwa dukani, fungua mlango wa draya. Kwenye ukingo wa ndani au nyuma ya mlango kuna kibandiko chenye jina la kampuni, namba ya modeli na namba ya mashine. Zipige picha. Kama ni moja ya majina matano niliyoyataja, ingiza namba ya modeli kwenye ukurasa wa usalama wa mtengenezaji kabla hujatoa hela, hata kama muuzaji anakuharakisha. Zilizorekebishwa hubandikwa alama ya duara la kijani, mlangoni au nyuma. Kisha chomoa chujio uchungulie chini yake na tochi ya simu. Ukikuta pamba imejaa mpaka chini kabisa, na kibandiko cha modeli kimebanduliwa, mrudishie muuzaji mashine yake.